Mlango wa Mama Miche

Mama Miche aliingia kwenye Baraza la Rufaa za Pensheni akiwa amejitwika mlango.

Ulikuwa mlango mzima wa mbao, wa kijani, pamoja na komeo lake. Mlinzi aliuzunguka kwa heshima zote, kama anayekagua gari la waziri.

"Mama, huu wa nini?"

"Wa kufunga," alisema. "Jana watu wa jiji waliung'oa ili nihame. Nikiuacha nyumbani, nikirudi nitakuta wameupikia chai."

Mlinzi alitafuta kichwani kanuni inayokataza milango. Hakuiona. Akampisha.

Kwenye benchi la ukumbini alimkuta Dereva, mzee aliyeendesha lori la taka la jiji mpaka mgongo ukagoma kabla ya lori.

"Wakili wa jiji ni yule mwenye tai nyekundu," Dereva alimnong'oneza. "Usimwogope, dada. Huyo ndiye aliyeshindwa na fundi seremala, ile kesi ya ghala la zamani. Seremala kakaa pale miaka kumi na miwili, waziwazi, bila ruhusa ya mtu na bila kulipa kodi. Mahakama ikasema basi, hapa ni pake. Jiji likabaki limetoa macho."

"Na rufaa yako wewe?"

"Imeahirishwa tena. Nadhani wanangoja nife. Mimi nimekataa."

Ndani, baraza lilikuwa na wajumbe watatu na feni moja. Kati ya hao wanne, feni ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Mama Miche aliuegemeza mlango ukutani, akabaki amesimama ingawa aliambiwa akae.

"Nimeotesha miche ya jiji hili miaka ishirini na sita," alisema. "Kila mti mnaoegesha gari chini ya kivuli chake, nimeulea mimi. Nataka pensheni yangu. Na nataka kubaki kwenye nyumba ya bustanini, maana sina kwingine."

Mwenyekiti alimgeukia wakili. Wakili aliinuka, akainyoosha tai yake kama mtu anayejiandaa kupigwa picha ya pasipoti.

"Jiji halimtambui mama huyu. Alikuwa kibarua wa msimamizi wa bustani, akilipwa mkononi. Hajawahi kuwa mfanyakazi wa jiji hata siku moja."

"Mwezi uliopita mlinitumia askari," alisema Mama Miche. "Wakasema nyumba ni ya wafanyakazi na mimi nimestaafu, nitoke. Kwenye nyumba mimi mstaafu, kwenye pensheni mimi mpita njia. Chagueni moja, baba, nijue nawakasirikia kwa lipi."

Mjumbe mmoja alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Wakili hakutabasamu.

"Jiji limechagua. Hukuwa mfanyakazi. Sasa tuambie, nani alikupa ruhusa ya kuingia kwenye nyumba ile?"

Mtu mwenye busara hapo angelainisha sauti. Mama Miche aliiacha busara kwenye benchi na Dereva.

"Ruhusa? Nilikuta gofu, limeezekwa kwa mawingu. Nikainua kuta, nikapiga mabati, nikatundika mlango huu mnaouona. Ningemwomba nani ruhusa, popo?"

"Kwa hiyo hakuna aliyekupa."

"Hakuna."

"Hata msimamizi?"

"Yule alikuwa hawezi kujiruhusu hata kwenda chooni."

"Ulikuwa ukijificha?"

"Nijifiche kwani nimeiba kuku wa nani? Nimeanika nguo zangu za ndani mkabala na dirisha la meya miaka yote hiyo. Kama hakuziona, hiyo ni adabu yake."

"Na kodi?"

"Kwa kuta nilizojenga kwa mikono yangu? Hata senti."

Wakili aliomba majibu yote yaandikwe neno kwa neno. Kisha akaomba asomewe, ahakikishe. Mama Miche alimtazama akajua kwamba ulimi wake usio na mfupa umemchimbia kaburi. Potelea mbali. Kama ni kuzikwa, atazikwa wima.

Wajumbe walinong'onezana kwa muda wa kumaliza glasi ya maji.

"Rufaa imetupwa," alisema mwenyekiti. "Kama jiji lenyewe lilivyoeleza, baraza limeridhika kwamba mama huyu hakuwahi kuwa mfanyakazi wake. Amekaa kwenye nyumba hiyo miaka ishirini na sita kama mvamizi, waziwazi, bila ruhusa ya mtu yeyote."

"Nimesikia," alisema Mama Miche. "Leteni greda lenu. Mtanikuta nimesimama mlangoni."

Akaubeba mlango wake. Huko nje Dereva alivua kofia, akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Msiba ungependeza zaidi kama mlango usingekwama mlangoni. Mama Miche alivuta, akasukuma, akaulaani. Halafu akahisi upande wa nyuma umekuwa mwepesi. Aligeuka akaona tai nyekundu.

"Uachie," alisema. "Pensheni umeichukua. Unataka na huu?"

Wakili hakuuachia. Alikuwa akipitisha kidole kwenye matundu ya bawaba zilizong'olewa, taratibu, kama mtu aliyekulia kwenye karakana. Alisubiri mwenyekiti apite, kisha akainama.

"Jioni mjomba wangu atapita na bawaba mpya, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ni yule seremala wa ghala. Anasema haifai mwenye nyumba kulala bila mlango."