Samaki Kwanza

Tangu Generosa Haule ahitimu mafunzo ya ufugaji wa samaki, nyumba yake hairuhusiwi kula kabla samaki hawajashiba. Taa aliyofungiwa jikoni na wakufunzi ikiwa nyekundu, samaki bado wana njaa, na wote wanasubiri.

Leo pumba za kuwalisha samaki zimeisha, na taa bado nyekundu. Watoto wamenawa mara mbili, mikono imekauka.

"Mama, tule kidogo tu," alisema Faraja, binti yake.

"Taa inasikia tukitafuna, mwanangu."

Generosa alijikokota na sufuria ya ugali hadi bwawani. Alimega tonge, akatupa. Perege wakalinyakua, wakabaki midomo wazi. Akamega jingine, na jingine.

Aliporudi na sufuria tupu, taa ilikuwa ya kijani.

"Hongera, mkulima," ilisema kwa upole. "Sasa mnaweza kula."

Faraja alikuwa ameshakimbilia kunawa tena.