Kilio cha Kisa

Sheria ilikataza watoto kulia chekechea. Kila asubuhi mwalimu alimvisha Kisa, mtoto wa miaka minne, bangili mkononi, akimwambia mama atalia badala yake, na kilio chake chote kikahamia kwa mama yake.

Mama huyo, Atupele, aliuza dawa mjini Mbeya. Kila Kisa alipomkumbuka, machozi yalimbubujika Atupele mbele ya wateja.

"Pole dada, umefiwa?" mzee mmoja alimuuliza.

"Hapana, baba. Mwanangu ameanza shule."

Akajifuta kamasi, akaendelea kufunga vidonge. Jioni alimfuata mtoto macho yamevimba, kichwa kikimgonga.

"Kisa hana shida kabisa," mwalimu alimsifu huku akimvua bangili. "Amezoea upesi kuliko wenzake."

Ijumaa ya wiki ya tatu, walipofika nyumbani, Kisa alijikwaa kwenye ngazi. Goti lilichanika, damu ikachirizika mpaka kwenye soksi. Atupele alitupa mkoba, akapiga magoti ambembeleze.

Mtoto hakutoa sauti. Alilitazama jeraha, midomo ikimtetemeka, kisha akamwinulia mama yake uso mkavu.

"Inauma, mama," alisema. "Mbona hulii?"