Swali la Injinia

Swali lilikuja hata kabla hajakaribishwa kiti, kama alivyoonywa.

"Dawa ya kusafisha injini," alisema baba wa mchumba wake, mikono nyuma, macho kwenye gari lililong'arishwa mpaka likawa kioo. "Inawekwa mara ngapi?"

Aliyeulizwa alikuwa mshonaji mapazia. Maishani mwake hakuwahi kushika usukani. Angeulizwa habari za pindo, mikunjo au dirisha lililokaa upande, angejibu hata usingizini. Lakini nyumba hii ilikuwa na mtihani wake, na asiyeufaulu alirudi kwao bila mke.

Mchumba wake alikuwa amemwandaa juzi dukani, wameshika kitambaa huyu ncha hii na yule ncha ile.

"Baba humuuliza hivyo kila anayekuja kuniposa," alisema. "Wa kwanza alijitia ujanja, akamrudishia swali: 'Kwani wewe mzee huwa unaweka mara ngapi?' Baba akanyanyuka, mazungumzo yakaishia hapo. Wa pili alikuwa dereva wa lori. Yeye alikwenda moja kwa moja kufungua boneti, mama anaangalia. Hata soda hakumaliza."

"Na jibu lenyewe ni lipi?"

"Hajawahi kulisema. Sisi tutalijulia wapi? Injinia ni yeye."

Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa kazi yake mpaka anastaafu ilikuwa ya posta. Jina lilimjia aliponunua gari. Gari la jirani likikwama, yeye hutoka na fulana yake, huinamisha kichwa, hufumba jicho moja, husikiliza mpaka mwisho, kisha husema kwa huzuni, "Hii si ya kuchezea. Ipeleke gereji leo leo." Na kweli, huko gereji tatizo hupatikana, sifa zikarudi kwake. Gari lake mwenyewe halikuwahi kukanyaga gereji. Mkewe alilitangaza hilo kila penye watu wawili.

Basi mshonaji alikwenda kwa fundi magari. Alikuta miguu tu ikitokeza chini ya gari, akaiuliza miguu hiyo.

"Kila ukibadilisha oili mara mbili hivi, weka mara moja," ilijibu sauti kutoka chini. "Ukizidisha, unaharibu. Ukiacha kabisa, uchafu unaganda, gari linaanza kukohoa. Ngoja nitoke nikuonyeshe..."

Lakini mshonaji alikuwa ameshashika njia, akiyarudiarudia maneno yale yasije yakamponyoka.

Sasa aliyatoa yote, kwa heshima, macho chini, kama alivyoyabeba.

Injinia alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilichezacheza kidogo.

"Rudia," akaamuru.

Mshonaji akarudia. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na aliogopa asije akampoteza kwa ajili ya oili.

"Na ukiacha kabisa, ulisema?"

"Uchafu unaganda, baba. Gari linaanza kukohoa."

Injinia alilitupia gari lake jicho la haraka, kisha akamwashiria amfuate stoo. Huko, juu ya rafu, chupa za dawa zilikuwa zimejipanga, zote zina maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua. Zilikuwa zawadi za mkewe na binti zake. Kila sikukuu ikifika, walijua Injinia anapenda nini. Hata moja haikuwa imefunguliwa kizibo. Mshonaji alizidi kumheshimu. Huyu, alijiambia, si mtu wa papara, anaingoja siku yake.

"Injinia!" mama mkwe aliita kutoka dirishani, dirisha lenye pazia lililopinda upande wa kushoto. "Bado tu unamsumbua mtoto wa watu? Chakula kinapoa!"

"Bado kidogo!" alijibu mumewe kwa sauti nene. "Haya ni mambo ya kitaalamu, mama!"

"Haya, wataalamu. Msije mkala chakula kilichopoa mkanilaumu."

Dirisha likafungwa. Injinia alimtazama mshonaji toka viatu vilivyopigwa rangi mpaka futi ya kupimia aliyoisahau shingoni. Mshonaji aliona wazi kwamba mambo yameharibika. Alianza kuwaza atamwambia nini mchumba wake.

"Una adabu," mzee alisema hatimaye. "Hukunirudishia swali. Hukukimbilia boneti. Umejibu ulichoulizwa, ukanyamaza. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa na watu."

"Asante, baba."

"Binti yangu nimekupa."

Mshonaji alitaka kucheka, alitaka kulia, akaishia kumshika mkwewe mkono kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa bila kuuachia. Mzee naye hakuuachia wa kwake. Alimvuta ndani zaidi, akachungulia nje, akaurudisha mlango wa stoo taratibu, kisha akateremsha chupa moja na kumkumbatisha kifuani.

"Sasa, mwanangu," alinong'ona, "kabla mama yenu hajatoka, nionyeshe haraka haraka: inamiminwa wapi?"