Ua Lilikwisha Nyauka

Ua lilikuwa limenyauka tangu jana, lakini uvundo ulizidi.

Nikainama kwenye kibustani cha mume wangu, chini ya dirisha la jikoni. Ile mimea minene isiyo na majani aliichimba mlimani mwezi uliopita, akaipanda kwa mikono yake. Ua lake hunuka nyama iliyooza ili livute nzi. Huku kijijini kwetu Steinkopf kila mtoto analijua. Kila nilipolalamika alinicheka: "Ni ua tu hilo, mama! Kwani wewe umezaliwa mjini?"

Leo nzi wa kijani hawakuwa kwenye ua. Walijaa kwenye udongo.

Nikang'oa shina moja. Likatoka na ngozi ya kondoo, inateleza, inachemka funza, sikio linaning'inia. Nikalipangusa kwa kidole gumba huku nimebana pumzi. Ncha ilikatwa, na pembeni mna mapengo mawili.

Alama hiyo ya sikio ina mwenyewe mmoja tu: Bibi Fytjie, mjane jirani yetu. Tangu kondoo wake waanze kupotea, tunamwita aje kula kwetu kila Jumapili.

Leo Jumapili. Nikalinyofoa sikio kutoka kwenye ngozi.

"Mwanangu!" Bibi Fytjie akaita dirishani, sahani yake kaiweka kizingitini, midomo inang'aa mafuta. "Njoo ule, mumeo anaimaliza nyama! Halafu kinanuka nini huko?"

"Ua tu hilo, Bibi," mume wangu akadakia kutoka mezani.

Nikanyoosha mkono, nikaliweka sikio dirishani, kando ya sahani yake.