Gauni la Kwenye Jalada

Zipu ilinikwamia katikati ya mgongo, na shemeji, mume wa mdogo wangu, alikuwa mlangoni na simu mkononi.

"Mpiga chapa yuko hewani. Tuongeze katalogi au tusiongeze? Oda zimedorora, shemeji. Tukizifikia nyumba nyingi zaidi, zitapanda."

"Mwambie angoje."

"Angoje nini tena?"

Nilisimama kati ya vifurushi vilivyorudishwa na wateja, vimerundikana hadi dirishani. Kila gauni nililolifungua lilikuwa limefumuka kiunoni, pale pale. Mwishowe nikavaa moja jipya, lile la kwenye jalada la katalogi. Kampuni ni yangu, na sikuwahi kuvaa nguo yake hata siku moja. Sasa nilikuwa nimebana pumzi, kiuno kinawaka moto.

Mdogo wangu aliacha kufunga vifurushi. Ndiye aliye kwenye jalada, mwembamba kama ufito. Tangu tuanze, kila nguo tunaikata kwa kumpima yeye, kwa sababu alikuwepo nyumbani. Saizi nyingine tunazikisia tu.

"Haya, tuongeze?" shemeji akang'ang'ania.

Mdogo wangu hakumtazama. Aliivua tepu ya kupimia shingoni mwake, akanizungushia kiunoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Toa pumzi, dada."

"Nikiitoa..."

"Itoe."

Nikaitoa. Mshono ukafumuka, tukausikia sote watatu, na nadhani hata mpiga chapa aliusikia.