Dole Gumba la Marehemu

Siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuhama mpaka wauzaji na wanunuzi wote wa nyumba za mnyororo mmoja waweke dole gumba kwenye hati siku moja. Tupokigwe, mkunga mstaafu wa Mbeya, alikuwa amenunua nyumba ya Yustina kule Songea, jirani na bintiye mjamzito. Yustina naye alikuwa amenunua ya mzee wa Njombe, na mzee akafariki kabla ya kuweka dole.

"Mama, usubiri mwaka, au uiuzie Bodi ya serikali nyumba yako leo," dalali alimwambia. "Ila Bodi ndiyo itakayokupangia pa kuishi."

"Mjukuu wangu azaliwe bila mimi kwa sababu ya dole la marehemu? Thubutu!"

Alimpigia Yustina simu. Jumamosi, mnunuzi wa nyumba ya Tupokigwe akaingia Mbeya, Tupokigwe akaenda Songea, na Yustina akapokewa Njombe na watoto wa marehemu. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Tupokigwe alipofungua nyumba ya Songea kwa ufunguo, mlango ukasema, "Karibu nyumbani, Yustina."

"Mimi ni Tupokigwe."

"Jina hilo halimo kwenye hati. Karibu nyumbani, Yustina."

Tangu hapo, kila alipovuka kizingiti mlango ulimwita hivyo, na kila mara alilitaja jina lake kwa sauti kubwa zaidi.