Bangili ya Mama Nyemo

Tangu watengenezaji mvinyo wa Dodoma waungane kuvuta watalii, kila mmoja alivaa bangili iliyolia kila akisifu mvinyo wake mwenyewe. Wa jirani ausifu atakavyo. Wageni walimiminika, biashara ikanoga, hata Nyemo, binti wa mtengenezaji mmoja, akachumbiwa na kijana wa washindani wao.

Siku ya posa, Mama Nyemo alisimama kifua mbele. "Binti yangu huyu ni mchapakazi..."

Bangili ikalia kana kwamba amesifu mvinyo wake. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi.

"Keti, mzazi mwenzangu, hiyo sasa kazi yangu!" akasema mama wa kijana, akammwagia Nyemo sifa mpaka vigelegele vikarindima.

Baadaye, jikoni, Nyemo alimshika mama yake mkono. "Mama, nimependeza?"

Mama Nyemo akaitazama bangili. "Kamuulize mama mkwe wako."